Amana ya mwakilishi wa wanafunzi mtandaoni

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu (S.W.), na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), aali zake na masahaba zake wote.

Ndugu Waislamu, Ijumaa ya leo tumekusudia kulizungumzia jambo lililoingia majumbani mwetu bila ya kubisha hodi. Kijana amemaliza mtihani wa kidato cha nne au cha sita na yuko nyumbani akisubiri matokeo, au yuko mwaka wa pili wa chuo. Kwa muda sasa amekuwa akijisomea kwa simu pamoja na wenzake wa miji mingine, katika zile zinazoitwa jumuiya za masomo za mtandaoni. Siku moja hupokea ujumbe kutoka kwa waendeshaji wa jumuiya hiyo: wameiona bidii yake, nao wanamwomba awe mwakilishi wao wa kujitolea katika shule yake, mtaa wake au wilaya yake. Mshahara hakuna.

Habari hiyo ikifika sebuleni, kila mtu huipokea kwa namna yake. Baba huuliza ni kazi gani hiyo isiyokuwa na ujira. Mama huuliza watu hao ni akina nani na wanataka nini kwa mwanawe. Kijana mwenyewe huona amepewa heshima, na huhofia kwamba wazazi watamnyima. Kwa maoni yetu, wote watatu wana sehemu ya haki, na nyumba yenye hekima itawasikiliza wote watatu kabla ya kukata shauri.

Msimamo wetu tunautaja mapema ili msomaji ajue tunakokwenda. Tunaona kwamba kazi hii ni ya kheri, na kwamba vijana wetu, wa kiume na wa kike, waruhusiwe na wasaidiwe kuifanya. Lakini mwakilishi ni mtu aliyebeba amana, na mwenye amana hapana budi amjue mwenyewe. Mwenye amana hii si kampuni wala taasisi iliyomteua. Ni mwanafunzi, hasa yule mdogo, mgeni na mwenye haya, ambaye hawezi kujisemea. Mambo yote tutakayoyataja hapa chini yamejengwa juu ya msingi huo mmoja.

Kwanza tuitazame hali yenyewe. Kusoma kwa mbali si jambo jipya kwetu. Chuo Kikuu Huria cha Tanzania kilianzishwa kwa sheria ya Bunge mwaka 1992, na wengi miongoni mwa wazazi wanaosoma ukurasa huu walijiendeleza humo huku wakiwa kazini. Kilichobadilika ni kwamba mtandao umemwezesha mwanafunzi kuwapata wenzake, si vitabu peke yake. Mwaka 2004 mtu mmoja nchini Marekani, Salman Khan, ambaye wazazi wake wana asili ya Bangladesh na India, alianza kumfundisha hesabu binamu yake aliyekuwa mji mwingine, kwa kutumia simu na kompyuta. Jamaa wengine wakaomba nao wafundishwe. Mwaka 2006 akaanza kuyaweka masomo yake mtandaoni kwa njia ya video, na mwaka 2008 yakawa taasisi isiyotafuta faida, Khan Academy, inayofundisha bila ya ada. Masomo hayo yametiwa katika lugha nyingi za dunia, na sehemu kubwa ya kazi hiyo imefanywa na watu wa kujitolea.

Kisha likaja janga la korona. Tanzania ilitangaza kufunga shule tarehe 17 Machi 2020, na wanafunzi wa kidato cha sita wakarudi madarasani tarehe 1 Juni, wengine tarehe 29 Juni. Kenya ilizifungua kwa sehemu Oktoba mwaka huo, na kwa wote Januari 2021. Uganda ndiyo iliyokaa muda mrefu zaidi, shule zikiwa zimefungwa zote au kwa sehemu tangu Machi 2020 hadi tarehe 10 Januari 2022. Katika miezi hiyo mtoto mwenye simu ndani ya nyumba alisoma, na asiyekuwa nayo alikaa. Walimu waliunda makundi ya WhatsApp, wanafunzi wakaunda ya kwao, na shule zilipofunguliwa mengi ya makundi hayo hayakufungwa. Leo kundi la watahiniwa wa fizikia laweza kuwa na mwanafunzi wa Tanga, wa Pemba, wa Kigoma na wa Mombasa, na hakuna miongoni mwao aliyewahi kumwona mwenziwe.

Kundi la watu wasioonana haliwezi kujiendesha lenyewe. Lazima awepo mtu wa kumpokea mgeni na kumwonyesha masomo yalipo. Wa kuyakusanya maswali yaliyokosa majibu na kuyafikisha kwa walimu. Wa kuwaarifu waendeshaji kwamba somo fulani lina kosa, au kwamba video ni nzito na zinamaliza bando la mtoto wa maskini. Wa kuondoa matusi na matangazo ya ulaghai. Na wa kukumbusha kwamba kipindi kitaanza saa mbili usiku baada ya Isha. Huyo ndiye mwakilishi. Baadhi ya jumuiya humwita balozi, nyingine humwita msimamizi au kiongozi. Jina lolote atakalopewa, kazi yake ni kusimama kati ya wanaofundisha na wanaofundishwa.

Jambo hili lina mfano bora katika historia yetu. Baada ya kiapo cha kwanza cha Aqaba, mwaka 621, Mtume (S.A.W.) alimtuma Mus'ab bin Umayr (R.A.) kwenda Yathrib, mji ulioitwa baadaye Madina, awasomeshe Qur'ani watu wake. Alikuwa kijana aliyelelewa katika neema, akaiacha. Alifikia nyumbani kwa As'ad bin Zurara (R.A.), akakaa na wenyeji, akawasikiliza na kuwafundisha. Ulipofika msimu wa Hija uliofuata alirudi Makka, akampa Mtume (S.A.W.) habari za watu wa Yathrib. Tuzingatie pande zote mbili za kazi hiyo: alipeleka elimu, na alirudisha habari. Lau angekuwa wa kupeleka tu, angekuwa mpiga mbiu.

Katika kiapo cha pili cha Aqaba, mwaka 622, Mtume (S.A.W.) aliwataka watu wa Yathrib watoe wenyewe miongoni mwao wawakilishi kumi na wawili. Wakatoa tisa kutoka Khazraj na watatu kutoka Aus, nao wakawa na jukumu juu ya jamaa zao. Hawa waliitwa manakibu. Kwamba watu wenyewe ndio waliowachagua ni funzo kubwa. Mwakilishi aliyetoka miongoni mwa watu huijua njaa yao. Kwa hiyo twawausia waendeshaji wa jumuiya za masomo: mnapotafuta mwakilishi wa shule au wilaya, waulizeni wanafunzi ni nani huwasaidia wenziwe hata sasa, kabla ya kuitazama idadi ya marafiki alionao mtandaoni.

Wala mlango huu haukufungwa kwa wanawake. Bibi Shifaa bint Abdullah (R.A.) alikuwa miongoni mwa wachache waliojua kuandika katika Makka, naye ndiye aliyemfundisha Bibi Hafsa (R.A.), mke wa Mtume, kuandika. Binti anayejua kemia na akaombwa awaongoze mabinti wenzake katika masomo hayo, tusimzuie kwa sababu tu kwamba ni binti. Mabinti wengi hawaulizi swali mbele ya kundi lililojaa wavulana. Wakiwa na mwakilishi wao wa kike, huuliza.

Sasa tuingie katika masharti ya amana hiyo, kwani sifa peke yake hazimsaidii kijana.

Sharti la kwanza ni ukweli katika elimu. Mwakilishi ataulizwa maswali mchana na usiku, na kwa kuwa ana jina kubwa ataona haya kusema hajui. Hapo ndipo madhara yanapoanza. Mwanafunzi wa kidato cha pili aliyepo Newala akipewa kanuni potofu ya hesabu na mtu aliyemwamini, ataibeba mpaka chumba cha mtihani. Katika vitabu vya wasifu wa maulamaa husimuliwa kwamba Imam Malik, mwanachuoni wa Madina, aliulizwa masuala arobaini na manane, na katika thelathini na mawili akajibu kwamba hajui. Ikiwa imamu wa daraja yake hakuona haya, kijana wetu wa miaka kumi na tisa ana udhuru gani? Aseme hajui, alichukue swali, alipeleke kwa mwalimu, na alirudishe jibu. Kulirudisha jibu ndiko kunakotimiza amana, maana mengi huchukuliwa yakapotelea njiani. Na ikiwa jumuiya ni ya masomo ya dini, tahadhari izidi: mwakilishi hupanga darsa na kupokea maswali, lakini fatwa huwaachia wenyewe.

Sharti la pili ni kulinda siri na heshima za watu, na hapa twaomba wazazi watusikilize kwa makini. Mwakilishi hushika orodha ya majina, namba za simu, shule, na mara nyingi picha za watoto. Katika makundi mengi ya WhatsApp namba ya kila mwanachama huonekana na wenziwe wote. Maana yake ni kwamba kijana anapomtia mtoto wa jirani katika kundi la watu mia mbili, ameigawa namba yake kwa watu mia mbili, na si ajabu namba hiyo ni ya mama mtu. Basi asimtie mtu yeyote kabla ya kuomba idhini, na akiwa ni mtoto, idhini ya mzazi.

Sheria nazo zimeliona jambo hili. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, nayo imeziweka taarifa za watoto katika fungu la taarifa nyeti. Kenya ina sheria yake ya mwaka 2019, inayotaka idhini ya mzazi au mlezi kabla ya kuzitumia taarifa za mtoto. Mwezi Septemba 2023 ofisi inayosimamia sheria hiyo ilitangaza kuitoza shule moja faini ya shilingi 4,550,000 za Kenya kwa kutoa picha za watoto bila ya ridhaa ya wazazi wao. Ikiwa shule yenye ofisi na wakili ilifikiwa na mkono wa sheria, kijana anayebandika picha za wanafunzi wa shule ya msingi ili kuonyesha kazi nzuri ya jumuiya yake asidhani kwamba nia njema itamtetea. Picha ya vitabu juu ya meza yatosha. Sura za watoto si matangazo.

Sharti la tatu ni adabu na mipaka. Mazungumzo ya masomo yabaki mahali ambapo wengine wanaona. Mwakilishi wa kiume asizoee kuzungumza faragha na wanafunzi wa kike saa za usiku kwa kisingizio cha kufafanua swali, na wa kike vivyo hivyo. Mtu mzima asiyejulikana anapoingia katika kundi la watoto na kuanza kumwandikia mmoja mmoja pembeni, mwakilishi ndiye mlinzi wa mlango: amwondoe, awaarifu waendeshaji, na akiona dalili za uovu awaarifu wazazi wa mtoto na vyombo vya dola. Asiogope kuonekana mkali. Mzazi aliyemruhusu mwanawe kuingia humo alifanya hivyo kwa kumwamini yeye.

Sharti la nne ni kujiepusha na wizi wa mitihani. Tunalitaja kwa jina lake kwa sababu makundi ya masomo ndiyo soko la kwanza la wauzaji wa karatasi, za kweli na za uongo. Novemba 2024, wakati mtihani wa kidato cha nne ukiendelea nchini Kenya, mamlaka ya mawasiliano ya nchi hiyo iliagiza mtandao wa Telegram uzuiwe kwa muda ili kuzuia karatasi kusambazwa humo. Watu wengi wasiohusika waliathirika. Hapa kwetu Baraza la Mitihani limekuwa likiwafutia matokeo watahiniwa waliothibitika kudanganya, na miaka minne ya mtoto ikapotea kwa ujumbe mmoja. Mwakilishi anayeletewa karatasi kama hiyo asiifungue, asiisambaze, asiulize bei. Na akinyamaza huku anajua kwamba inauzwa ndani ya kundi analolisimamia, ukimya wake ni ushirika.

Sharti la tano ni kujua tofauti kati ya kujitolea na kutumikishwa. Tumesema kwamba baba anayeuliza juu ya ujira ana haki, na historia ya mtandao wenyewe inamuunga mkono. Katika miaka ya 1990 kampuni kubwa ya intaneti ya Marekani, America Online, ilikuwa na maelfu ya watu wa kujitolea waliowapokea wageni, kusimamia vyumba vya mazungumzo na kujibu maswali. Walichopata ni huduma ya intaneti bure au kwa bei ndogo. Baada ya muda wakawekewa zamu, mafunzo ya lazima na ripoti za kuandika. Mwaka 1999 baadhi yao walifungua kesi wakidai kwamba hiyo ilikuwa ajira iliyovalishwa nguo za kujitolea. Mpango wenyewe ulifungwa mwaka 2005, na kesi ikamalizwa mwaka 2010 kwa makubaliano ya dola milioni 15.

Hatusemi kwamba kila anayeomba msaada ni mnyonyaji. Madrasa zetu nyingi zimesimama kwa migongo ya watu wasiolipwa, na mwanafunzi mkubwa kumsikiliza mdogo ni desturi ya vyuo vyetu vya Qur'ani tangu zamani. Twasema kipimo kiwepo. Ikiwa jumuiya haiuzi kitu, masomo ni bure na walimu nao wanajitolea, kijana anashiriki kheri pamoja na wenziwe. Ikiwa ni kampuni inayouza masomo, nayo inamtaka kijana alete wateja hamsini kila mwezi la sivyo avuliwe cheo, hiyo ni kazi ya uwakala, na wakala hulipwa kwa mkataba. Hapo pia ndipo amana inapogongana: huyo huyo anayeaminiwa na wanafunzi wenziwe anageuzwa kuwa mkono wa kuwavuta mifukoni. Kijana wa namna hii akimshauri mwenziwe anunue somo, hataweza tena kujua kama anamnasihi au anamuuza. Akikubali kazi hiyo ya uwakala, basi awaambie wanafunzi wazi kwamba ana fungu lake, wajue wanaongea na nani.

Sharti la sita ni wakati. Simu ya mwakilishi hailali, nayo masomo yake mwenyewe yanamngoja, na wazazi wana haki yao, na sala zina nyakati zake. Apange saa zake na azitangaze: kwa mfano, saa moja baada ya Alasiri na nusu saa baada ya Isha, kisha simu iwekwe kando. Wanafunzi wakizijua saa hizo watazizoea. Atafute pia mwenziwe wa kupokezana naye, ili akiingia katika mitihani yake asije akaiacha jumuiya bila ya mtu. Kumtayarisha wa kumrithi ni sehemu ya kazi, na mwakilishi anayeficha nywila ili asiondolewe amekwisha kuisahau amana.

Baada ya hayo, mzazi afanye nini mwanawe anapomletea habari hii? Tunashauri asikimbilie ndiyo wala hapana. Akae na kijana, wafungue pamoja hayo masomo yenyewe, na waulizane haya. Jumuiya hii inaendeshwa na nani, na je, majina ya waendeshaji na mahali walipo vinajulikana? Inapata wapi fedha zake? Nani anasomesha, na kwa sifa gani? Taarifa za wanafunzi zinawekwa wapi na nani anaziona? Saa ngapi kwa wiki zinatakiwa, na kijana akitaka kuacha ataachaje? Je, kuna maandishi, hata ukurasa mmoja, yanayoeleza kazi na mipaka yake? Na je, mwakilishi anaposema kwamba jambo fulani linawaumiza wanafunzi, kuna anayesikiliza? Swali hili la mwisho ndilo zito zaidi. Jumuiya inayotaka wawakilishi wa kusifu tu, na ikawaondoa wanaolalamika, haikutafuta wawakilishi.

Kuuliza si ujinga, na waendeshaji waaminifu hawachukizwi na maswali ya mzazi. Wakichukizwa, jibu limekwisha kupatikana.

Akiridhika, basi amruhusu mwanawe kwa moyo mkunjufu na amsaidie. Kijana akikaa miezi sita katika kazi hii hujifunza mengi ambayo darasa halimfundishi: kuandika barua yenye adabu, kumsikiliza mtu mwenye hasira, kuitisha kikao kikafanyika kwa wakati, kutunza kumbukumbu, kusema kweli mbele ya wakubwa. Isitoshe, mwenye kumfundisha mwenziwe huelewa zaidi. Mwalimu yeyote atashuhudia kwamba somo alilolielewa barabara ni lile alilolazimika kulieleza mara tatu kwa namna tatu.

Tumebakiwa na neno kwa misikiti, madrasa na jumuiya zetu za kijamii. Tumezoea kulalamika kwamba simu zinaharibu vijana. Hapa wako vijana wanaoitumia simu kufundishana, na gharama ya bando wanailipa kutoka katika nauli zao. Msikiti wenye intaneti ungeweza kuwafungulia chumba mara mbili kwa wiki baada ya Asri. Tajiri mmoja akiwalipia bando wawakilishi watano kwa mwezi, sadaka yake itawafikia wanafunzi wengi asiowajua. Jumuiya zenyewe ziwape vijana hao barua ya kushuhudia kazi yao, kwani barua hiyo itawafaa wanapoomba chuo au ajira, na kumshukuru mtu hakupunguzi thawabu zake.

Tusiwasahau pia walio nje ya mtandao kabisa. Mwaka 2012 kundi la wanafunzi wa chuo kikuu huko San Diego, Marekani, lilitengeneza programu iitwayo KA Lite, iliyoyaweka masomo ya Khan Academy ndani ya kompyuta ndogo ya bei nafuu ili yasomwe pasipo na intaneti. Na baadaye ikafuatiwa na nyingine iitwayo Kolibri. Mwakilishi mwenye kuwajali wenziwe atajiuliza: katika kijiji changu nani hana simu? Anaweza kuyachapa maswali ya wiki na kuyabandika ubaoni shuleni. Anaweza kuyapakua masomo mara moja mjini na kuyapeleka kijijini kwa kadi ya kumbukumbu. Anaweza kuyabeba maswali ya waliokosa simu, akayapeleka kwa walimu na kurudi na majibu. Akifanya hivyo, amewakilisha watu ambao jumuiya yenyewe haikuwa na habari kwamba wapo, na kwa hakika hao ndio wenye kuhitaji mwakilishi kuliko wote.

Sura ya An-Nisaa, katika aya yake ya 58, imetuamrisha kuzifikisha amana kwa wenyewe. Wengi wetu tukiisikia hufikiria fedha, shamba au mirathi ya yatima. Katika zama hizi tuongeze namba ya simu ya mtoto wa watu, swali lililoulizwa usiku wa manane na mwenye hofu ya mtihani, na nafasi ya kusema kwa niaba ya asiyesikika. Kijana atakayeombwa kuzibeba azibebe akiwa anajua uzito wake, na mzazi amshike mkono.

Twamuomba Mwenyezi Mungu (S.W.) awape vijana wetu elimu yenye manufaa, awalinde na shari za mitandao, na awajaalie kuwa waaminifu kwa wale waliowaamini. Amin.

Wabillahi tawfiq.